Mbrazili Aliyekuwa Binti wa Kipunjabi: Mgeni Anawezaje Kutushawishi Katika Filamu ya Kihindi?

Mwaka 2009 mwongozaji Imtiaz Ali alitoa filamu ya Love Aaj Kal. Saif Ali Khan anacheza humo watu wawili: Jai, kijana wa kisasa anayeishi London, na Veer Singh, kijana wa Kisingasinga wa mwaka 1965 aliyezama katika penzi la msichana anayeitwa Harleen Kaur. Harleen huyo amevaa vazi la Kipunjabi na mtandio, nywele kazisuka, macho kayainamisha, na akiyainua tu unaelewa kwa nini Veer amechanganyikiwa. Watazamaji wengi walitoka ukumbini wakiwa na hakika kwamba wamemwona binti wa Kipunjabi kutoka mji fulani wa kaskazini mwa India. Kumbe ni Giselli Monteiro, mwanamitindo wa Brazil, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Tangu hapo, kila filamu hiyo inapooneshwa tena au kipande chake kinaposambaa kwenye simu, maswali hurudi yaleyale. Alijifunza Kihindi lini? Kwani sauti si yake? Kama si Mhindi na hajui lugha, tulichokipenda ni nini hasa? Wapo wanaosema tulidanganywa, na wapo wanaosema dada yule ana kipaji cha ajabu cha lugha. Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja: zinadhani kumshawishi mtazamaji ni kazi ya mdomo wa mwigizaji. Ukweli ni kwamba katika sinema ya India mdomo ni sehemu mojawapo tu, na mara nyingi si ya kwanza.

Kwanza tuelewane maneno

Afrika Mashariki tuna mazoea ya kuita kila filamu inayotoka India "ya Kihindi". Tukisema hivyo tunaunganisha vitu ambavyo Wahindi wenyewe hawaviunganishi. Katiba ya India inazitaja lugha 22 katika orodha yake maalumu, na filamu hutengenezwa kwa nyingi kati ya hizo. Mumbai ndiko makao ya filamu za lugha ya Kihindi, ndizo zinazoitwa Bollywood. Chennai wana zao za Kitamil, Hyderabad za Kitelugu, Kerala za Kimalayalam. Kabla ya janga la korona nchi hiyo ilikuwa ikitoa filamu zaidi ya 1,500 kwa mwaka, na za Kihindi zilikuwa fungu moja tu kati ya mafungu mengi. Kwa hiyo mwigizaji wa Chennai akienda Mumbai naye ni mgeni wa aina yake. Jambo hilo ni la msingi, na nitalirudia chini.

La pili ni sauti. Unapomwona mtu anaongea katika filamu ya India, sauti unayoisikia inaweza kuwa imepatikana kwa njia tatu. Inaweza kuwa sauti ya papo hapo, yaani maikrofoni ilikuwa wazi pale pale kamera ilipokuwa inapiga picha. Inaweza kuwa imeingizwa baadaye studioni na mwigizaji mwenyewe, akiitazama picha yake na kuyarudia maneno. Au imeingizwa studioni na mtu mwingine kabisa, ambaye kazi yake ni sauti tu na sura yake hutaiona. Njia hizo mbili za mwisho ndizo watu wa kazi hiyo wanazoziita dabi.

Nyimbo ziko peke yake. Anayeonekana akiimba karibu kila mara si yeye anayeimba. Marehemu Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji wa kike wa vizazi kadhaa, nao wakachezesha midomo. Hakuna mtazamaji wa India anayeliona hilo kuwa udanganyifu, kama sisi tusivyomlaumu mwimbaji wa taarabu kwa kuwa shairi analoliimba lilitungwa na mtu mwingine. Mmoja ana maneno, mwingine ana koo, na wimbo ni wa wote.

Harleen alitushawishije?

Sasa turudi kwa Giselli, maana hapa ndipo penye utamu.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalioni ni kwamba Harleen haongei sana. Maneno yake ni machache mno. Lakini ukimya huo haukuwekwa kwa ajili ya kumficha mgeni. Ni hadithi yenyewe inayoudai. Ni mwaka 1965, msichana wa familia inayojiheshimu, nyumba imejaa wazazi na ndugu, na kijana aliye nje hana ruhusa ya kumsogelea. Msichana kama huyo angesema nini, na angemwambia nani? Penzi lao linakwenda kwa kutazamana. Veer anapanda treni kutoka Delhi hadi Calcutta, safari ya kilomita zaidi ya 1,400, kwa sababu tu anataka kumwona. Hadithi ya namna hiyo haihitaji mwigizaji mwenye ufasaha. Inahitaji mwigizaji anayejua kupokea macho ya mwenzake na kuyarudisha.

Na hilo si jambo dogo. Mtu asiyezoea kamera ukimwambia "nyamaza umtazame", uso wake hufa. Au huanza kujitahidi: anakunja nyusi, anauma mdomo, anaonesha kwamba ana mawazo. Giselli hakufanya hayo. Macho yake yanachelewa kidogo kabla ya kuinuka, kama mtu anayepima kama kuna anayemwona, na tabasamu linaanza halafu linazuiwa. Ukiitazama filamu hiyo upya, zima sauti katika sehemu za mwaka 1965 uone. Utaifuata hadithi bila taabu. Ukifanya hivyo katika sehemu za Jai na Meera, wapenzi wa kisasa ambao wanaongea kutwa kucha, utapotea baada ya dakika chache.

Jambo la pili ni mahali Harleen alipo ndani ya hadithi. Hatumwoni moja kwa moja. Mzee Veer, anayechezwa na marehemu Rishi Kapoor, ndiye anayemsimulia Jai habari za ujana wake. Kila tunachokiona cha mwaka 1965 ni kumbukumbu ya mzee mmoja ikipita katika fikira za kijana mmoja, ndiyo maana hata Veer wa ujanani ana sura ya Jai. Kumbukumbu ya mpenzi wa zamani haina maelezo mengi. Ina uso, nywele, rangi ya mtandio, namna alivyogeuka. Mtazamaji anaposhindwa kumjua Harleen kwa undani haoni kasoro, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyowakumbuka watu. Mwongozaji alichagua nafasi ambayo mgeni angeweza kuijaza bila kuonekana amepwaya.

Halafu kuna hesabu ya mwisho, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Filamu inapoelekea kwisha tunamwona Harleen wa uzeeni, na anayemcheza ni Neetu Singh. Huyu alikuwa mke wa Rishi Kapoor katika maisha ya kweli mpaka Rishi alipofariki, mwigizaji mashuhuri wa miaka ya 1970, tena mwenyewe ametoka katika familia ya Kisingasinga. Mtazamaji wa India anamjua fika. Anapomwona ameketi kando ya mzee Veer, moyo wake unaunganisha vitu vyote papo hapo: kumbe yule msichana mkimya ndiye huyu. Upunjabi wa Neetu Singh unarudi nyuma na kumfunika Mbrazili. Ni dakika chache tu, lakini zinathibitisha kila kilichotangulia.

Kwa hiyo ukisema Giselli alishawishi, unasema kweli. Ila usimsahau mwandishi aliyemnyamazisha kwa sababu za hadithi, mshona nguo, msusi, mpiga picha aliyemkaribia usoni, Saif aliyemtazama kama msichana wa 1965 (mtu akitazamwa hivyo nasi tunaamini ndivyo alivyo), na bibi mmoja aliyetokea mwishoni na historia yake yote mgongoni.

Mwongozaji yuleyule, mgeni mwingine

Miaka miwili baadaye Imtiaz Ali alijaribu tena. Katika Rockstar, iliyotoka Novemba 2011, alimpa Nargis Fakhri nafasi ya mwanamke mkuu. Nargis ni Mmarekani, baba yake Mpakistani na mama yake kutoka Jamhuri ya Czech, naye pia hakuwa amewahi kucheza filamu. Alimcheza Heer, msichana wa familia ya Kashmir anayesoma Delhi, mbele ya Ranbir Kapoor, ambaye ni mtoto wa Rishi na Neetu haohao.

Safari hii mambo hayakwenda sawa. Filamu ilipendwa, muziki wa A. R. Rahman ulipendwa kuliko filamu, Ranbir alisifiwa kila kona, lakini Nargis alikosolewa vikali. Kwa nini? Uso upo, uzuri upo, mwongozaji ni yuleyule.

Tofauti ni aina ya kazi aliyopewa. Heer anaongea. Anatania, anabishana, anakiri siri, anaugua, analia huku anaongea. Hadithi ni ya sasa, hakuna mzee anayemkumbuka, tunamwona ana kwa ana kwa muda mrefu. Na sauti yake iliingizwa na Mona Ghosh Shetty, mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo Mumbai. Mona aliifanya kazi yake vizuri sana, lakini fundi wa sauti hawezi kuokoa kila kitu. Mtu anapotamka neno lenye hasira, hasira haikai mdomoni tu. Shingo inakaza, pumzi inabadilika, macho yanaliwahi neno kabla halijatoka. Mwigizaji anayetamka maneno aliyoyakariri bila kuyasikia maana yake moyoni, mwili wake unakuwa nyuma ya sauti au mbele yake. Masikio yetu yanapata neno kwa wakati, macho yetu hayapati, na hapo ndipo mtazamaji anaposema "huyu dada simwelewi" hata kama hawezi kueleza sababu.

Mimi sidhani Nargis alikuwa dhaifu kuliko Giselli. Wakibadilishana nafasi, naamini lawama na sifa nazo zingebadilishana.

Je, sauti ya kuazima ni udanganyifu?

Hapa ndipo penye uvumi mwingi zaidi. Watu wanaamini dabi ni dawa ya wageni wasiojua lugha. Historia inakataa.

Sridevi alizaliwa Tamil Nadu na alikuwa ameshakuwa mwigizaji mkubwa kusini kabla hajaiteka Mumbai. Kwa miaka kadhaa Wahindi wa kaskazini walimpenda kwa sauti za watu wengine. Katika Aakhree Raasta ya mwaka 1986 sauti yake ni ya Rekha, mwigizaji mwingine mkubwa. Ni mpaka Chandni ya mwaka 1989 ndipo alipojiongelea mwenyewe kwa Kihindi. Deepika Padukone, huyuhuyu anayemcheza Meera katika Love Aaj Kal, alikulia Bangalore na lugha ya nyumbani kwao ni Kikonkani. Katika Om Shanti Om ya mwaka 2007, filamu iliyomtambulisha Mumbai, sauti ni ya Mona Ghosh Shetty. Naye Rani Mukerji, ambaye Kihindi anakijua bila shaka yoyote, aliondolewa sauti katika Ghulam ya mwaka 1998 kwa sababu watengenezaji waliiona ni nzito na yenye mikwaruzo. Mwaka huohuo filamu nyingine ikamwacha aongee kwa sauti hiyohiyo, na watu wakaipenda mpaka leo.

Kwa hiyo sauti hubadilishwa kwa sababu nyingi: lugha, lafudhi, ladha ya mtengenezaji, hata ratiba tu. Mazoea hayo yana mizizi katika mitambo. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931, na miaka hiyo waigizaji waliongea na hata kuimba wenyewe mbele ya maikrofoni. Baadaye zikaja kamera nyepesi ambazo zilikuwa zinanguruma wakati wa kupiga picha, na mitaa ya India nayo haijawahi kusifiwa kwa utulivu. Ikawa rahisi kupiga picha kwanza na kuingiza sauti zote baadaye. Kizazi kizima cha watengenezaji kikalelewa hivyo. Lagaan ya mwaka 2001, iliyorekodi sauti papo hapo, ilionekana kuwa jambo la kijasiri.

Kazi yenyewe ya kuingiza sauti ni ya kihunzi. Kipande kifupi cha picha kinarudiwarudiwa kwenye skrini, na mwingiza sauti anatafuta mahali midomo inapofunga. Jaribu mbele ya kioo: tamka "mbaazi", kisha tamka "dagaa". Kwenye la kwanza midomo imegusana, kwenye la pili haikugusana. Herufi za m, b na p ndizo zinazomfichua mtu. Midomo ikifunga bila sauti ya aina hiyo kusikika, jicho linashtuka. Sauti nyingine zina msamaha mkubwa. Ndiyo maana mwigizaji asiyejua lugha hufundishwa kuyatamka maneno halisi hata kama sauti yake itatupwa: akiyakariri sawasawa, midomo inafunga panapotakiwa, na fundi wa studioni anapata mahali pa kusimama.

Sisi wa huku hatupaswi kushangaa kabisa. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania wanamkumbuka Lufufu akizitafsiri filamu kwa sauti yake moja, stelingi, adui, mama na mtoto wote wakiongea kwa koo lilelile, na bado tulilia mama alipokufa. Kenya wana DJ Afro, anayefanya hayo kwa mbwembwe zake. Sauti haikulingana na midomo hata kidogo, tena haikujaribu, na hadithi ikaingia. Na kuna Kili Paul, kijana wa Kimasai wa Tanzania, ambaye pamoja na dada yake Neema walijipatia mamilioni ya wafuasi India kwa kuchezesha midomo kwenye nyimbo za Kihindi wakiwa na mashuka yao, ng'ombe nyuma yao. Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja katika kipindi chake cha redio. Ukimtazama Kili kwa makini utaona siri yake haiko midomoni, ingawa midomo imenyooka. Iko kwenye pumzi: anavuta hewa mahali mwimbaji anapoivuta, na nyusi zinapanda pamoja na sauti. Wahindi wanaoijua lugha ndio waliomsadiki kwanza.

Lafudhi si adui siku zote

Kuna uvumi mwingine kwamba mgeni asipoongea kama mwenyeji atakataliwa. Inategemea hadithi inamtaka awe nani. Katika Lagaan, Waingereza Rachel Shelley na Paul Blackthorne wanacheza Waingereza wa mwaka 1893, na Kihindi chao chenye lafudhi ni sehemu ya uhalisi. Alice Patten katika Rang De Basanti ya mwaka 2006 anamcheza Mwingereza aliyejifunza lugha, na kila neno analolipinda linamjenga zaidi. Hata katika Love Aaj Kal yenyewe yuko mzungu anayecheza mzungu, Florence Brudenell-Bruce kama Jo, na hakuna aliyeuliza chochote juu yake.

Aliyevunja kanuni hiyo ni Mary Ann Evans, mzaliwa wa Perth, Australia, mwaka 1908, aliyeingia Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, akiwa mtoto. Alijiita Nadia, na katika Hunterwali ya mwaka 1935, filamu ya kampuni ya Wadia Movietone, akawa binti mfalme wa Kihindi mwenye mjeledi na barakoa, anayewacharaza wadhalimu na kuruka juu ya farasi. Nywele zake ni za dhahabu na Kihindi chake kina lafudhi wazi, lakini watu walifurika. Hakuna aliyedhani ni Mhindi kwa kuzaliwa. Walimwamini kwa sababu aliruka kweli na kupigana kweli, bila mtu wa kumbadili katika sehemu za hatari. Ushawishi wake uliingilia mlango mwingine kabisa, wa mwili na ujasiri, na ni ushahidi kwamba mtazamaji yuko tayari kusamehe mengi akipewa kitu kimoja cha kweli.

Je, mgeni yeyote anaweza?

Huu ndio upande ambao mashabiki wengi hawapendi kuuzungumza, na mimi nadhani ni lazima usemwe. Giselli aliweza kuwa Mpunjabi kwa sababu rangi yake na nywele zake ziliruhusu, na pia kwa sababu Bollywood kwa miaka mingi imeupenda weupe. Amy Jackson, Mwingereza aliyeanza kwa kucheza Mwingereza katika filamu ya Kitamil ya Madrasapattinam mwaka 2010, baadaye alipewa nafasi za wasichana wa Kihindi. Katika filamu inayoitwa I ya mwaka 2015 anamcheza mwanamitindo wa Kihindi. Wakati huohuo wasichana wa Kitamil wenye ngozi nyeusi, wanaoijua lugha tangu utotoni, hawapati nafasi hizo. Ni nchi ambayo krimu ya kung'arisha ngozi iliuzwa kwa jina la Fair & Lovely tangu mwaka 1975 hadi 2020, jina lilipobadilishwa kwa shinikizo la watu. Sinema haikuyabuni mapenzi hayo, lakini imeyalisha.

Mgeni mweusi anapewa nini? Mfano bora ninaoujua ni Sudani from Nigeria, filamu ya Kimalayalam ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Zakariya Mohammed. Samuel Abiola Robinson, mwigizaji wa Nigeria, anamcheza mchezaji anayesajiliwa na timu ya mpira wa watu saba katika wilaya ya Malappuram, Kerala, ambako mchezo huo ni kama dini. Anaumia, analazwa nyumbani kwa meneja wa timu, na mama wawili wazee wanamuuguza bila kuwa na lugha ya pamoja naye. Jina lenyewe la filamu linasema kitu: wenyeji wanamwita "Msudani" na yeye ni Mnigeria, kwa sababu kwao kila Mwafrika mwanasoka ni Msudani.

Robinson alishawishi kwa njia ileile ya Harleen, kwa kusikiliza. Kuna mahali mama mmoja anamwongelesha Kimalayalam, yeye haelewi neno hata moja, lakini anajua anapendwa, na uso wake unajibu. Filamu ilipewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kimalayalam. Baada ya kutoka, Robinson alilalamika hadharani kwamba alilipwa chini ya waigizaji wa Kihindi wa kiwango chake na kwamba rangi ilihusika. Baadaye akatangaza kuwa yeye na watayarishaji wamemalizana.

Lakini angalieni nafasi yenyewe. Mwafrika alipewa Mwafrika. Filamu ni nzuri, imejaa utu, na naipendekeza kwa yeyote. Hata hivyo mlango aliopitia Mbrazili, wa kuwa mwenyeji, yeye hakufunguliwa, na jibu linalotolewa siku zote ni kwamba hakuna Mhindi mwenye sura hiyo. Jibu hilo si kweli. Gujarat na Karnataka wapo Wasiddi, Wahindi ambao mababu zao walitoka Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita, wengine wakiwa watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir, kimejaa watu wenye nyuso kama zetu wanaoongea Kigujarati tangu walipozaliwa. Mwandishi wa Mumbai akitaka hadithi ya mapenzi yenye Mhindi mweusi ndani yake hana haja ya kubuni kabila wala kutafuta mgeni. Treni inafika hadi Gujarat.